Nani angempiga nani: mwongozo kamili wa kubishana kuhusu mabondia wa uzito wa juu

Mapambano ya Las Vegas hutufikia Lubumbashi Jumapili kunapopambazuka, yale ya Riyadh hutufikia karibu na usiku wa manane. Misa ya pili haijaisha, tayari kwa vinyozi wa Kamalondo na kwenye viti vya plastiki vya Kenya (komini yetu, si ile nchi) watu wameshaanza: "Acha bongo! Fury alikuwaka mukubwa kuliko wote!" Mwingine anamtaja Mike Tyson, mzee mmoja anamleta Ali, na baada ya robo saa hakuna anayekumbuka swali lilikuwa lipi.

Watu hawa wanazijua ngumi. Kinachokosekana ni utaratibu. Ufuatao ndio ninaoutumia mimi. Haukuhakikishii ushindi, ila utakuzuia kusema maneno yanayoweza kuangushwa kwa sentensi moja. Unahitaji simu yenye mega za kutosha kutazama video, karatasi, na mtu mmoja anayepinga kwa nia njema.

Hatua ya 1: Funga swali

"Fury au Joshua?" (yaani Tyson Fury na Anthony Joshua, mabondia wawili Waingereza) halijawa swali, kwa sababu halina tarehe. Mtu anayeitwa Muhammad Ali aliyempiga Cleveland Williams mjini Houston mwezi wa Novemba 1966 alikuwa na miguu ambayo Ali wa 1974 hakuwa nayo tena. Katikati yake kuna miaka mitatu na nusu aliyozuiwa kupigana kwa kukataa kwenda jeshini. Ukisema "Ali angemshinda Tyson", mwenzako ana haki ya kuuliza: Ali yupi, Tyson yupi? Tyson aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 mwezi wa Juni 1988, au yule aliyeangushwa na Buster Douglas mjini Tokyo tarehe 11 Februari 1990? Kati ya usiku huo na ule haijapita hata miaka miwili.

Kwa hiyo andika juu ya karatasi: jina, mwezi, mwaka. Chagua pambano moja la kila bondia na useme, "Namchukua kama alivyokuwa usiku ule." Kisha andika sheria. Mapambano ya ubingwa siku hizi ni raundi 12 za dakika tatu tatu. Enzi za Ali na mpinzani wake mkubwa Joe Frazier zilikuwa 15, na raundi hizo tatu za mwisho zimewahi kuamua mengi. Mkishindwa kukubaliana, tumieni 12.

Kama mnalinganisha enzi tofauti, kuna jambo la uzito pia. Leo uzito wa juu kwa kawaida unaanzia pale kilo 90.7 zinapopitwa. Rocky Marciano, aliyestaafu na ushindi 49 bila kupoteza hata moja, alikuwa akipigana na kilo 85 hivi. Leo angewekwa daraja la chini yake. Hilo halimfanyi kuwa dhaifu, lakini anayetaka kumkutanisha na Lennox Lewis, bingwa mwenye mwili mkubwa wa miaka ya 1990, lazima aseme kwanza kama anampa Marciano kilo za nyongeza au anamwacha alivyo. Mimi humwacha alivyo. Ukianza kumjenga mtu upya, unabishana kuhusu bondia ambaye hajawahi kuwepo.

Hatua ya 2: Andika vipimo, na ujue kila kipimo kinasema nini

Urefu, upana wa mikono, uzito wa siku hiyo, umri, na mkono anaoutanguliza. Vitano vinatosha.

Upana wa mikono hupimwa kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine, kwa hiyo kifua kimo ndani ya hesabu. Mwenye kifua kipana anaweza kuonekana ana mikono mirefu kuliko inavyofika kweli anaporusha jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele. Tena mikono mirefu ni faida kwa anayejua kukaa nayo mbali. Tyson Fury ana sentimita 206 za urefu na 216 za mikono. Oleksandr Usyk ana 191 na 198. Walikutana mara mbili Riyadh mwaka 2024, Mei na Desemba, na mara zote mbili mfupi ndiye aliyeinuliwa mkono.

Uzito ndio kipimo kinachozungumza zaidi, hasa ukiulinganisha na uzito wa mtu yule yule katika pambano lililotangulia. Andy Ruiz alimwangusha Anthony Joshua mara nne New York tarehe 1 Juni 2019 akiwa na kilo 121 na kitu. Waliporudiana Diriyah, Saudi Arabia, miezi sita baadaye, Ruiz alikuwa amepita 128, na hakuweza kumfikia Joshua aliyekuwa akizunguka usiku kucha. Mizani ilikuwa imeshatuambia siku moja kabla.

Hapa inabidi tumseme mtoto wa kwetu, Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga. Tarehe 3 Agosti 2024, Los Angeles, alimsambaratisha Jared Anderson katika raundi ya tano, na Lubumbashi nzima ikawa na mtaalamu wa ngumi katika kila kona. Miezi sita baadaye, tarehe 22 Februari 2025, aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Alipima karibu kilo 143, zaidi ya kumi juu ya uzito wa usiku wa Anderson. Joseph Parker alimmaliza raundi ya pili. Anayekuambia "Parker ni mkali kuliko Bakole, basi" hajasoma mizani wala kalenda. Anayekuambia "ile haihesabiki" naye amekosea, maana bondia aliyekubali kupanda ulingoni amekubali na matokeo yake. Pambano lile linatufundisha kuhusu Bakole asiyejiandaa, na kwa swali la Bakole aliyejiandaa linatusaidia kidogo sana. Liandikeni hivyo, mwendelee.

Hatua ya 3: Soma majina kwenye rekodi

Chukua rekodi mbili zinazofanana kabisa. George Foreman alifika Kinshasa kupigana na Ali mwaka 1974 akiwa na ushindi 40, hakuna kushindwa, KO 37 (mara 37 mpinzani hakumaliza pambano). Deontay Wilder alifika kwa Fury mwezi wa Desemba 2018 akiwa na ushindi 40, hakuna kushindwa, KO 39. Kwa namba, Wilder yuko mbele.

Sasa soma majina. Ndani ya 40 za Foreman kuna Joe Frazier, bingwa ambaye hajawahi kupigwa, aliyeangushwa mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston tarehe 22 Januari 1973. Na kuna Ken Norton, raundi mbili vilevile, Caracas. Wilder alikuwa na Luis Ortiz, bondia mzuri lakini mwenye umri mkubwa, na Bermane Stiverne, ambaye Wilder alimpokonya mkanda. Wengi waliobaki ni majina ambayo hata wabishi wa kwa kinyozi hawawezi kukutajia.

Kwa kila bondia, zungushia duara majina matatu bora aliyoyashinda na yote yaliyomshinda. Mengine yaache. Ukiona ameangushwa, tafuta alifanya nini baadaye. Lennox Lewis alisimamishwa na Oliver McCall mwaka 1994, na Hasim Rahman akamlaza Brakpan, Afrika Kusini, mwezi wa Aprili 2001. Wote wawili alirudiana nao akawashinda kabla ya raundi kumi na mbili. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema Lewis "hakuwa na kidevu", yaani hakuweza kuvumilia ngumi, halafu akaacha sentensi hapo.

Hatua ya 4: Chunga pembetatu

Hapa ndipo ubishi mwingi unapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Pembetatu ni ile hoja ya "A alimpiga B, B alimpiga C, basi A atampiga C". Inaonekana ni hesabu. Katika ngumi inavunjika kila wakati, na sisi Wakongomani ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo, kwa sababu ilivunjikia nyumbani kwetu.

Frazier alimshinda Ali kwa pointi mwaka 1971. Norton alimvunja Ali taya na kumshinda mwaka 1973. Foreman aliwapiga wote wawili, Frazier na Norton, kwa jumla ya raundi nne tu. Kwa pembetatu, Ali hakuwa na sababu ya kupanda ndege. Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri ya Kinshasa, ambayo kwetu Lubumbashi ilikuwa saa kumi na moja, katika uwanja wa 20 Mei unaoitwa leo Tata Raphaël, Foreman alilala raundi ya nane.

Kwa nini ilivunjika? Tazama njia ya kila mmoja. Frazier alikuwa anakuja mbele, chini chini, kichwa kikitangulia: alikuwa anaupeleka uso wake mahali ambapo ngumi za Foreman za kutoka chini zilikuwa zinasubiri. Norton alimsumbua Ali kwa sababu jabu yake ilifika kwa umbali ule ule wa jabu ya Ali, lakini mbele ya mtu wa ngumi nzito, Norton alikuwa anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Earnie Shavers alimmaliza Norton kwa raundi moja mwaka 1979, na Gerry Cooney akafanya vilevile 1981. Udhaifu huo Ali hakuwa na silaha ya kuutumia. Foreman alikuwa nayo. Na Ali mwenyewe alikuwa mrefu, anaegemea nyuma, anashika shingo ya mtu na kuikandamiza, na ameshakula ngumi za watu wakubwa akabaki amesimama. Hakufanana na Frazier wala Norton hata kidogo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Francis Ngannou wa Kamerun. Oktoba 2023 alimwangusha Fury raundi ya tatu, Fury akaponea kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Machi 2024 Joshua alimlaza Ngannou raundi ya pili. Wiki ile kila mtu kwenye terasi alikuwa na hakika kwamba Joshua angemla Fury. Septemba ya mwaka huo huo Dubois akamlaza Joshua raundi ya tano pale Wembley, na hakika zikabadilika tena. Watu walikuwa wanabadilisha jibu kila baada ya miezi michache kuhusu mabondia wawili ambao walikuwa hawajagusana.

Mpinzani waliyempiga wote wawili usimtupe, ila mtumie kama shahidi. Muulize mambo matatu: alikuwa na hali gani kila mara, nini kilimfungua, na nani alilazimika kubadilisha mpango. Kama majibu yanafanana kwa mabondia wote wawili, ushahidi una uzito. Yakitofautiana, mweke pembeni.

Hatua ya 5: Amua pambano litapigwa wapi

Simaanishi mji. Namaanisha nafasi iliyopo kati ya vifua viwili. Kuna umbali wa jabu, kuna umbali wa kati ambapo mikono yote miwili inafika, na kuna kifua kwa kifua. Kila bondia ana umbali anaoupenda, na pambano huenda kwa yule anayemlazimisha mwenzake kukaa asipopenda. Kama una nafasi ya hoja moja tu mbele ya watu, itoe hapa.

Tafuta video ya pambano zima. Vipande vya KO vinaonyesha mwisho, havionyeshi njia. Zima sauti, maana watangazaji watakuambia cha kuona. Tazama raundi ya pili, ya sita na ya kumi, na macho yako yakae kwenye miguu. Nani anarudi nyuma? Anaporudi, anakwenda pembeni au moja kwa moja hadi kwenye kamba? Akipigana mwenye shoto na mwenye kulia, mguu wa mbele wa nani uko upande wa nje?

Usyk ni shoto, na kazi yake kubwa ni mguu huo. Anaukanyaga nje ya mguu wa mpinzani, anageuka, na ghafla mkono wake wa kushoto una njia iliyonyooka huku mkubwa yule analazimika kujipanga upya. Katika pambano la Mei 2024 Fury alimweka mbali raundi za katikati, akampiga mwilini, na watu wengi walishaanza kumpa. Raundi ya nane ngumi ya kushoto ikapata njia, ya tisa Fury akapepesuka hadi kamba zikamshika na mwamuzi akahesabu.

Umbali unaweza pia kubadilishwa kwa makusudi. Fury alitoka sare na Wilder mwaka 2018 akizunguka na kukwepa. Februari 2020 alikuja na uzito zaidi akamsukuma Wilder nyuma tangu kengele ya kwanza, kwa sababu Wilder ana mkono wa kulia wa kutisha pale tu anapopata nafasi ya kuweka miguu. Raundi ya saba kona ya Wilder ikarusha taulo.

Na Ali wa Kinshasa? Wazee wetu husimulia kamba tu, jinsi alivyoziegemea akimwacha Foreman ajichoshe kwa kupiga. Rudia raundi ya kwanza uone jinsi anavyoanza kwa mkono wa kulia wa moja kwa moja bila kutanguliza jabu, kitu ambacho bondia wa kiwango kile hatarajii. Kamba zilikuja baada ya hapo. Foreman naye, mapambano yake manane yaliyotangulia hayakuwa yamepita raundi ya pili, kwa hiyo raundi ya sita katika joto lile ilikuwa nchi ngeni kwake.

Hatua ya 6: Pafu na kuinuka

Kwa ufupi. Andika raundi ambayo kila mmoja huanza kufungua mdomo akihema, na mara ngapi ameinuka baada ya kuangushwa vibaya. Fury aliinuka raundi ya 12 dhidi ya Wilder mwaka 2018. Joshua aliangushwa raundi ya sita na Wladimir Klitschko, akaja kumsimamisha ya 11. Habari za mazoezini, za nani alimwangusha nani gym, zisiingie kwenye karatasi. Kule kuna glavu kubwa, kofia za kujikinga, na watu waliolipwa kufanya kazi fulani.

Hatua ya 7: Toa jibu lenye raundi ndani yake

"Atashinda" haitoshi. Sema kwa njia gani na lini, na useme kitu gani kikitokea utakuwa umepotea. Kama ni pointi, toa hesabu. Mshindi wa raundi hupata 10, mwenzake 9, na aliyeangushwa hupoteza moja zaidi. Kwa hiyo 116 kwa 112, ambazo majaji wote watatu walimpa Usyk mwezi wa Desemba 2024, ni raundi nane kwa nne. Mtu anayetamka 116 kwa 112 lazima aweze kuonyesha zile nne anazompa aliyeshindwa. Nimeona watu wengi wakikwama hapo.

Andikeni majibu kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kengele, kila mtu na jina lake. Kama mmewekeana dau la chupa ya bia ya Simba, hiyo ndiyo hati yake.

Mfano mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Fury wa Novemba 2015 dhidi ya Joshua wa Aprili 2017, raundi 12. Nimechagua tarehe hizo kwa sababu shahidi ni mmoja, Klitschko. Fury alimshinda kwa pointi mjini Düsseldorf. Joshua alimsimamisha raundi ya 11 Wembley mbele ya watu 90,000 hivi.

Shahidi anasemaje? Mbele ya Fury alikuwa na miaka 39, bingwa aliyezoea kushinda, na alishindwa hata kurusha ngumi. Mbele ya Joshua alikuwa na 41, hajapigana tangu usiku ule wa Fury, lakini alipigana kwa ujasiri zaidi. Kwa hali, wa Fury alikuwa bora. Kwa njia, Fury alimnyima umbali wake, Joshua alibadilishana naye ngumi, akaangushwa na akachoka kuanzia mwisho wa raundi ya tano.

Vipimo: Fury kilo 112, Joshua 113, lakini mwili wa Joshua ulikuwa wa misuli inayomaliza hewa mapema. Umbali: Joshua anapenda wa kati, baada ya jabu. Fury wa mwaka ule alikuwa anavuta kiwiliwili nyuma na kubadilisha mkono wa mbele bila kutangaza. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa. Steve Cunningham, aliyetoka daraja la chini, alimwangusha kwa mkono wa kulia New York mwaka 2013. Joshua alikuwa na mkono wa kulia mzito kuliko wa Cunningham mara kadhaa, na ile ngumi ya kutoka chini iliyomvunja Klitschko.

Jibu langu: Fury kwa pointi, 115 kwa 112, akiwa ameangushwa mara moja kati ya raundi ya pili na ya tano. Raundi nne nampa Joshua: pili, tatu, tano, na moja ya mwisho ambayo majaji watampa kwa sababu ya kelele za uwanja. Nimepotea kama Fury atafika kwenye kamba kabla ya raundi ya sita.

Mbele ya wazee

Kijana anayemkatiza mzee aliyesikiliza pambano la 1974 redioni atakuwa ameshindwa hata akiwa na haki. Sema, "Papa, nikumbushe, raundi ya kwanza Ali alianza na mkono upi?" Mzee atasimulia, na atakapofika kwenye kamba utamrudisha polepole kwenye video. Usimwonyeshe simu kabla hajamaliza. Na mkiwa wengi, mpeni mtu mmoja karatasi, yeye ndiye atakayeuliza "bondia wa mwaka gani?" kila jina linapotajwa.

Kwa kuanzia, jaribuni Foreman wa Januari 1973 dhidi ya Tyson wa Juni 1988. Mimi naandika Foreman, kabla ya raundi ya nne, kwa sababu Tyson alikuwa anaingia kwa njia ile ile ya chini aliyopita Frazier. Anayeshika Tyson aanzie kwenye kasi ya mikono na jinsi kichwa chake kilivyokuwa kikihama upande hadi upande kabla ya kila hatua; Frazier alikuwa anakihamisha kwa mdundo mmoja unaoweza kusomeka. Hoja hiyo ni nzuri, na bado sijapata mtu wa kunionyesha ingezuia vipi ile mikono ya Foreman ya kumsukuma mtu mabegani na kumrudisha kwenye umbali wa ngumi zake.